Nusu Mzunguko

Nyumba yao ilikaa mpakani kabisa:
jikoni Wales, sebuleni Uingereza,
na mbwa amelala kizingitini, hana taifa.
Mnara mmoja magharibi, nyuma ya machimbo ya mawe,
mwingine mashariki, kwenye kilima kilichojitenga na wenzake.
Mimi fundi. Ilikuwa Novemba ya themanini na sita,
vigae vinateleza kama sabuni.

Bi Eluned alitaka kipindi cha lugha ya mamake,
kile cha saa moja jioni, cha duka la dawa
na ndugu wanaogombea urithi.
Bwana Clifford, mzawa wa Shropshire,
alitaka matokeo ya kandanda
na habari za mnada wa kondoo wa kwao.
"Unaweza kutuunganishia?" mama aliniuliza,
kama anayemwuliza kasisi.

Nikasimamisha mlingoti mmoja, antena mbili,
moja imempa mgongo mwenzake.
Nikasokota waya kwa waya, nikashuka, nikawasha.
Lo!
Mhubiri ana vichwa viwili,
mpira unakimbizwa na kivuli chake hadi golini,
na juu ya yote chenga, chenga,
theluji isiyotua.
Njia mbili zilimshinda fisi, nikajisemea,
na fisi hakuwa na bisibisi.

Kosa si la minara.
Kila antena ina tamaa ya sikio:
hata ukiigeuza kule, hudokoa kidogo cha huku,
na neno lililokwisha kufika
hufika tena, limechelewa kidogo,
kama mtu anayerudia hoja baada ya ugomvi kuisha.
Dawa yake kikasha cha bati, koili tatu ndani,
kinachoiambia hii: masafa ya chini si yako;
na ile: ya juu mwachie mwenzio.
Watu hudhani kuunganisha ni kuongeza.
Nusu yake ni kuziba.

Picha ikatulia. Wakanilipa noti mbili na dazeni ya mayai.

Miaka minne baadaye, Februari, simu.
Ni mama, kwa sauti ya chini:
"Upepo wa Januari umeigeuza antena yake,
sasa inatazama kwetu, na stesheni zake ni chenga tupu.
Hajasema kitu.
Anakaa nami, anatazama kipindi changu,
neno haelewi, nikicheka naye anacheka,
kwa kuchelewa kidogo.
Anateseka, mwanangu. Njoo uikaze."

Nikaenda. Niko juu, spana mkononi,
ngazi ikatikisika: mzee yu nyuma yangu,
miaka sabini na moja, kofia ya sufu, pumzi fupi.
"Iache," akaninong'oneza.
"Yule wa duka la dawa ameficha wosia.
Wiki ya sita hii nangoja kuona nani atauona.
Na mke wangu usimwambie.
Akijua napenda, ataanza kunifundisha sarufi."

Chini uani Eluned ameinua uso,
mikono ameifutika ndani ya aproni:
"Imekaa sawa?"
Juu, Clifford ameyakodolea macho mawingu
kama mtu asiyehusika.
Nami katikati, bila kikasha cha bati,
nawasikia wote wawili kwa wakati mmoja.

Nikaigeuza mashariki. Nikakaza;
kazi ni kazi, na jina langu liko kwenye risiti.
Ila ile bolti ya chini
niliipunguzia nusu mzunguko,
mengine nikauachia upepo.